Koili ya Mia Mbili na Sita

Nilizika shaba kwa magoti yangu haya:
koili mia nne na kumi na mbili,
kila moja pana kama sinia la karamu,
zikalala foleni chini ya lami
kutoka bandarini mpaka njia panda ya kanisa,
hapa Gotland, kisiwa cha kondoo na upepo,
mwezi wa Novemba, jua likifunga duka saa kumi kasoro.

Torgny, msimamizi, alipima kwa utepe,
akapima tena, akanuna.
"Zikienda upande kwa kiganja kimoja," alisema,
"basi litapita na njaa yake."
Tukafukia. Tukashindilia.
Ikawa kama hatujawahi kufika pale.

Ndiyo kazi yetu: ukiifanya vizuri haionekani.
Mwashi huwaonyesha wajukuu ukuta wake.
Mimi nitawaonyesha nini? Lami?

Basi lenyewe ni la kijani, namba kumi na moja.
Halisimami kuchaji. Halina waya, halina mkia.
Linakwenda, na kule kwenda ndiko kula:
koili hii inaamka, inalilisha tonge, inalala;
inayofuata imeshanawa mikono.
Kati ya lami na tumbo la basi ni hewa,
sentimita ishirini za hewa,
na humo kitu kinavuka
ambacho sijakiona, ingawa ndimi niliyekitandikia kitanda.
Mkono mtupu haulambwi, husemwa.
Njoo uone basi likilamba hewa na kushiba.

Ila Gunvor, wa shamba la kuku ng'ambo,
alikataa kuvuka.
Ana kidude kifuani, kidogo kuliko kiberiti,
kinachoukumbusha moyo wake kudunda,
na alikuwa amesikia barabara ina sumaku.
Siku tisa trei za mayai zilipandana mlangoni.
Mkahawa wa bintiye ukauza mkate mkavu.
Akaja mhandisi kutoka bara na karatasi zenye grafu:
koili haiamki mpaka basi lifike juu yake,
basi likipita tu, imelala.
Gunvor alimsikiliza mpaka mwisho,
akammiminia kahawa ya pili,
hakuvuka.

Mimi sikuwa na grafu. Nilikuwa na ovaroli.
Nikaenda katikati ya barabara, nikalala chali
juu ya koili ya mia mbili na sita
(naikumbuka, ndiyo iliyonichubua goti la kushoto),
nikatazama mawingu yakisukumana.
Lami ilikuwa baridi kama salamu ya mdai.
Kondoo wawili wakaja kuninusa.
Chini ya mgongo wangu, kimya. Shaba ilisinzia:
haina habari na nyama, haina habari na sufu,
inamngoja wake.

"Na basi likija?" aliuliza Gunvor kutoka ukingoni.
"Nitainuka," nikasema. "Si mjinga kiasi hicho."
Hapo akacheka.
Tangu Evert wake azikwe, mwaka wa tatu huu,
sikuwa nimekisikia kicheko kile.
Akavuka, trei kifuani kama ngao,
akihesabu kwa sauti,
hatua au mapigo, sijui.

Jana nilipanda namba kumi na moja kwenda kliniki,
kwa ajili ya magoti.
Nilikaa kiti cha nyuma ya dereva, nikafumba macho,
nikangoja kitu kipande kutoka chini:
mtetemo, joto, japo harufu.
Wapi. Wanafunzi wawili walibishana kuhusu soksi.
Nikafumbua. Kwenye kioo mbele ya usukani
betri ilisoma sabini na moja.
Tukaipita njia ya Gunvor.
Sabini na mbili.

Nikamgusa kiwiko jirani yangu, mgeni kabisa.
"Umeona?"
"Nini?" akasema,
akatazama nje, kwa adabu, akitafuta.